Kura ikishapigwa, bunge la jimbo laweza kuitupa?

SWALI: Wakili, shikamoo. Niliapa uraia wa Marekani mwaka jana, naishi Lancaster, Pennsylvania. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna klipu ya mzee mmoja anasema kura yetu ya urais ni maonyesho tu, eti Katiba inaliruhusu bunge la jimbo kukataa matokeo na kuteua wajumbe wake wa kumchagua rais. Kama ni kweli, nipange foleni ya nini?

JIBU: Marahaba. Klipu hiyo naijua; nimetumiwa mara nyingi kuliko salamu za Idi.

Sentensi anayoisoma mzee ipo, hakuitunga. Ibara ya Pili ya Katiba inasema kila jimbo litateua wajumbe kwa namna litakavyoelekeza bunge lake. Na zamani mabunge yaliteua yenyewe kweli: South Carolina ilikwenda hivyo hadi 1860, na Colorado, ikiwa na miezi michache tu tangu iwe jimbo, ilifanya hivyo 1876. Baada yake, hakuna tena.

Kinachonikera ni kufunga kitabu hapo. Mistari michache mbele, Ibara hiyohiyo inaipa Kongresi, yaani bunge la taifa, mamlaka ya kupanga wakati wa kuteua wajumbe, na Kongresi ilishapanga tangu 1845: Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Bunge la jimbo linapanga namna, halipangi siku. Likishaweka sheria kwamba wananchi ndio wachaguaji, na Jumanne hiyo ikapita, uteuzi umekwisha. Kukaa kikao Desemba kugeuza mambo ni kama mwenye nyumba kupandisha kodi ya mwezi uliokwisha kulipwa.

Wajanja zaidi watakutajia kesi ya Bush na Gore, wagombea urais wa 2000 waliogombania kura za Florida: Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema bunge linaweza kujirudishia mamlaka hayo. Ilisema. Ila ilisema pia kwamba wananchi wakishapewa kura hiyo, ni haki ya msingi. Kujirudishia maana yake ni kubadili sheria mapema, mchana kweupe. Kwenu Pennsylvania muswada hupita mabaraza mawili, kisha mezani kwa gavana; akiukataa, zitafutwe theluthi mbili kila upande.

Tundu lilikuwepo, nakiri. Sheria ya 1845 iliruhusu bunge kuteua endapo uchaguzi "umeshindwa" kutoa matokeo, bila kueleza kushindwa ni nini. Mwaka 2020, Trump aliposhindwa urais, baadhi ya wafuasi wake walitaka kupenyea hapo. Desemba 2022 Kongresi ikakifuta kipengele hicho. Sasa hati ya wajumbe hutolewa na mtendaji wa jimbo, kwa kawaida gavana, angalau siku sita kabla wajumbe hawajakutana, kwa sheria zilizokuwepo kabla ya siku ya uchaguzi, na lazima iwe na alama ya usalama. Kisa cha alama ni makaratasi ya wajumbe bandia, wafuasi wa Trump waliojiandika kuwa wajumbe halali, yaliyosainiwa 2020 katika majimbo saba aliyoshindwa. La Pennsylvania lilikuwa na sentensi ya tahadhari: kwamba lihesabike tu iwapo mahakama itawapa ushindi. Hata wenyewe hawakuthubutu kuandika kwamba bunge limewateua.

Kwa hiyo kapange foleni.

Sasa niseme na kundi zima, maana ugonjwa huu wa kusoma mstari mmoja haukai kwenye siasa peke yake. Haohao wanaotuma klipu ndio wanaowajazia watu fomu kwenye kiti cha kinyozi. Nimempokea mama mwenye kadi ya ukaazi tu, bado si raia, aliyeambiwa kwamba mwenye leseni ya udereva anaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura. Akaweka alama kwenye kisanduku cha "mimi ni raia", akasaini. Kosa hilo linaweza kumnyima uraia, hata kumrudisha alikotoka, na aliyemshauri simu yake haipatikani. Kama na wewe umeweka alama hiyo na bado hujaapa, usiandike barua ya kujieleza, usijiondoe kwenye daftari kimyakimya. Tafuta wakili wa uhamiaji mwenye leseni kwanza, na fomu ya uraia isubiri.