Kabla hujasema wazazi hawana mwamko

Kaa na waratibu wa miradi ya malezi hapa Dar, haipiti nusu saa utasikia: "Wazazi wa uswahilini hawana mwamko." Nimefanya kazi hii Temeke na Ilala kwa miaka kadhaa na kauli hiyo siikubali. Mzazi anayesemwa hivyo mara nyingi ni mama aliyetoka alfajiri kufuata samaki Feri, saa nne asubuhi anawaparua, jioni anakaanga mbele ya nyumba. Na kikao umekiweka saa nne asubuhi.

Fanya tathmini kwanza: vikwazo vinavyowazuia wazazi kuja kwenye vikao vya malezi, na viwezeshi, yaani vinavyowasaidia kuja, vitafute kabla ya kuchapa vitabu vya semina. Na usiulize, "Mna changamoto gani?" Utajibiwa muda na nauli, kwa sababu ndiyo majibu ambayo kila mradi umeyazoea. Mimi huuliza hivi: kikao cha mwisho ulichoacha kwenda kilikuwa kipi, na siku ile ulikuwa wapi? Hapo mtu anaanza kusimulia.

Mama mmoja wa Mbagala aliandikwa "amekosa muda" kwenye fomu. Tulipokaa naye vizuri, ikaonekana muda anao. Tatizo ni jirani wa chumba cha pili, aliyekuwa naye kundi moja. Aliyoyasema kikaoni kuhusu mumewe aliyakuta uani, yanazungumzwa kwenye foleni ya bomba. Nyumba zetu za kupanga ziko hivyo, choo kimoja, uani pamoja, siri haina pa kukaa. Kwa hiyo acha watu wachague kundi, hata kama ni la mtaa wa pili, na wanaoishi nyumba moja usiwalazimishe kukaa pamoja kwa sababu tu orodha yako imepangwa kwa mashina, yaani nyumba kumi kumi.

Tukiwa kwenye mashina: mjumbe wa nyumba kumi anajua nani kahama na nani analea wajukuu peke yake, mpitie. Ila ni mtu wa chama, CCM, na mtaa mzima unalijua hilo. Wapo ambao mjumbe akiwaita hawatoki ndani. Hao utawapata msikitini, kanisani au kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa.

Kikoba kwangu ndicho kiwezeshi kikubwa kuliko vyote. Wanawake wanakutana kila wiki bila posho ya mtu, wana katibu, wana faini ya kuchelewa. Omba nusu saa baada ya kuhesabu hisa, usiombe zaidi, na usikibatize jina la mradi wako. Kwa akina baba nenda kijiweni kwenye kahawa, jioni, isiwe siku ya Simba na Yanga.

Jambo jingine, ukifika na daftari ukaanza kuuliza idadi ya watoto na vyumba, watu wanadhani ni TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wamekuja kuandikisha. Ukinyamaza, kikao cha kwanza kitafurika na cha tatu utabaki na viti. Sema mapema kwamba hutoi fedha.

Masika sina haja ya kuieleza. Machi hadi Mei, panga vikao vya karibu na nyumbani.

Sasa upande wetu sisi wenye miradi, ambao tathmini nyingi huuruka. Watafiti wa utekelezaji, wanaochunguza kwa nini programu hufaulu au hukwama, wana mwongozo uitwao CFIR (Consolidated Framework for Implementation Research), uliotoka mwaka 2009 na kuboreshwa 2022. Unagawa mambo mafungu matano: programu yenyewe, mazingira ya nje, mazingira ya taasisi, watu wanaohusika, na namna ya kutekeleza. Ninaupenda kwa sababu unailazimisha ofisi ijichunguze. Mwezeshaji wa kujitolea anayepiga simu kwa vocha yake na kujaza ripoti usiku ni kikwazo mlichokitengeneza wenyewe. Zipo pia Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto, zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wa 2017/18 hadi 2021/22. Pale zinapofanya kazi, kesi ya mtoto anayepigwa ina pa kwenda. Kwingine zimebaki kwenye karatasi, kwa hiyo kabla hujaitegemea yoyote, omba kuona muhtasari wa kikao chake cha mwisho.

Vikao vikishaanza, rudia tathmini baada ya wiki chache. Waliobaki watakusifia tu. Wafuate walioacha, nyumbani kwao, na usivae fulana ya mradi.