Jibu: Mlango wa vioo wa kufunguka ndani, chumba cha darini

Salaam mkuu. Umeuliza kama mlango wa vioo wa mabawa mawili ufunguke ndani kwenye dari mnayoigeuza chumba huko Leicester, nje pawe na reli tu. Ndiyo, maana nje hakuna pa kukanyaga. Wangu niliuweka hivyo Reading.

Kabla ya bei, angalia sakafu. Sisi tulipima ikiwa mbao tupu. Lilipokuja zulia na sponji yake, bawa la kushoto likawa linakwaruza na kung'oa nyuzi kila asubuhi. Fremu ikang'olewa, ikainuliwa. Na ile dari ya mteremko: kata kadibodi upana na urefu wa bawa, izungushe uone kama pembe ya juu inagonga.

Upepo husukuma bawa la ndani mbali na mipira yake ya kuzibia upepo na maji, kwa hiyo dai kizingiti chenye mfereji wa kutoa maji nje, na fundi apige pima maji kabla ya skrubu ya mwisho.

Reli: kwa England, kimo kisipungue milimita 1,100 kutoka sakafu iliyokamilika, na tufe la kipenyo cha milimita 100 lisipenye popote. Mkaguzi wetu wa majengo alikuja na tepu mfukoni.