Mlima wa Kwanza Ndio Ulionimaliza

Mlima wa Peyresourde haukunitisha. Ni mita 1,569 tu kutoka usawa wa bahari, na nilipoanza kuupanda kwa baiskeli alfajiri kutoka mji wa Luchon, kusini mwa Ufaransa, miguu ilikuwa myepesi. Waendesha baiskeli wawili wakanipita, nami nikawafuata. Kilomita zote 15 nilizipanda nikihema mdomo wazi, nikafika juu nina furaha tele. Sikujua kuwa nilikuwa nimekula akiba ya nguvu za Tourmalet, mlima wa mwisho wa siku ile.

Siku ile nilipanga kuvuka milima mitatu ya Pyrenees: Peyresourde, halafu Aspin yenye mita 1,489, halafu Tourmalet, mita 2,115. Mkubwa unakuja mwisho, wakati umeshachoka. Kwa hiyo ukinialika leo nikushauri jambo moja tu, nitakuambia hivi: mlima wa kwanza upande kwa mwendo ambao unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Utajiona unachelewa. Watu watakupita. Waache wapite, hata kama unawaona wako sawa na wewe.

Kutoka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan hadi kilele cha Tourmalet ni kilomita 17 hivi, na wastani wa mwinuko unazidi asilimia 7. Wastani huo unaficha mengi. Kilomita za mwanzo ni laini, unadhani umeshauweza mlima. Ukishapita kijiji cha Gripp barabara inakuwa mkali, na kuanzia hapo vibao vya pembeni vinavyoonyesha mwinuko wa kila kilomita vinasoma 8, 9, hata zaidi. Mimi nilikwama zikiwa zimebaki kilomita saba. Sikuwa na maumivu yoyote. Miguu iligoma tu, mikono ikaanza kutetemeka, nikateremka na kuegemea ukuta wa barabara huku ng'ombe wakinipita taratibu.

Nilikuwa nimefanya makosa mawili mengine, nayo yote yangeweza kuepukika nyumbani kabla ya safari.

Kwanza, gia. Katika gia yake nyepesi kabisa, baiskeli yangu ilikuwa na meno 39 kwenye duara la mnyororo la mbele na 25 kwenye la nyuma. Ukikanyaga mzunguko mmoja, baiskeli inasogea zaidi ya mita tatu. Ili uzungushe mara 60 kwa dakika, ambao tayari ni mwendo wa polepole, lazima upande karibu kilomita 12 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 8 hiyo ni kasi ya mtu mwenye nguvu sana. Sina nguvu hizo, kwa hiyo nilikuwa nikikanyaga mara 35 au 40, kila mkanyago ukiwa kama kupanda ngazi na gunia mgongoni. Weka meno 34 mbele na 34 nyuma. Mzunguko mmoja utakusogeza mita mbili na kidogo, na utaweza kupanda kwa kilomita saba na nusu kwa saa bila kuua magoti. Kuna wanaoona gia nyepesi ni aibu. Wakati wa mashindano ya Tour de France ya mwaka 1910, yalipopita Tourmalet kwa mara ya kwanza, hata Octave Lapize, aliyekuja kushinda mwaka ule, alisukuma baiskeli kwa miguu sehemu ya njia. Gia za kubadilisha kwa wepesi ziliruhusiwa katika mashindano hayo mwaka 1937 tu. Wale hawakuwa na hiari. Wewe unayo.

Pili, chakula. Mimi, baiskeli na maji tulikuwa kama kilo 80. Kuinua kilo 80 kwa mita 1,260 ni kazi ya takriban kilojuli 1,000, na mwili hugeuza karibu robo tu ya chakula kuwa mwendo. Kinachobaki kinakuwa joto. Maana yake mlima huo peke yake unadai kama kilokalori 1,000, juu ya ile miwili iliyotangulia. Mimi nilikuwa nasubiri njaa. Usisubiri. Kula gramu 60 hivi za wanga kila saa, anzia saa ya kwanza ukiwa bado umeshiba, na ule kwenye sehemu laini, maana kwenye mwinuko mkali huwezi kutafuna na kuhema kwa pamoja.

Pale ukutani nilikula kila kilichokuwa mfukoni, nikakaa dakika 20, nikatembea kidogo, kisha nikapanda tena. Nilifika.

Kushuka nako kuna masharti yake. Joto hupungua karibu nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na wewe unaanza kushuka ukiwa umelowa jasho, hukanyagi, upepo unakupiga kifuani. Vaa koti kileleni kabla hujasikia baridi. Vidole vilivyoganda havikamati breki. Funga breki kabla ya kona, si ndani ya kona, kisha achia. Ukizishika mfululizo zinapata moto na kupungua nguvu. Na kagua baiskeli usiku wa kuamkia safari. Mwaka 1913 Eugène Christophe, mshindani wa Tour de France, alivunjikiwa na uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, akishuka Tourmalet, akatembea zaidi ya kilomita 10 na baiskeli begani hadi Sainte-Marie-de-Campan, akaufua mwenyewe kwa mhunzi.

Nilirudi baada ya miaka miwili, njia ile ile, gia mpya. Juu ya Peyresourde nilifika wa mwisho kati ya wote walioanza nami asubuhi. Kwenye Tourmalet niliutambua ule ukuta kwa mbali. Nilikuwa na tende moja mdomoni, nikaendelea kukanyaga, na kibao kilichofuata kikasoma kilomita sita.