Dokta wetu hakubaki, alibakizwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii nimelisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Mmeuliza: daktari aliyesomeshwa kwa kodi ya wananchi, akikataa kupangiwa kituo cha mpakani, je, anyang'anywe leseni? Jibu langu ni ndiyo. Anyang'anywe, na lile joho la mahafali alirudishe. Naanza na jibu ili msije mkasema nimezunguka, maana nitazunguka.

Mimi ni mtoto wa mpakani. Kwetu ni ng'ambo ya Mto Kagera, ule upande ambao majeshi ya Amin yaliukalia mwishoni mwa Oktoba 1978. Leo ni Wilaya ya Missenyi. Wakati ule tulikuwa Bukoba Vijijini, Mkoa wa Ziwa Magharibi. Wa rika langu hawahitaji kusimuliwa daraja la Kyaka lilivyolipuliwa, wala hotuba ya Mwalimu ya uwezo, sababu na nia. Nilikuwa na miaka sita, nikakimbizwa mgongoni kwa mjomba. Tuliporudi 1979 zahanati yetu ilikuwa kuta tupu. Mabati, milango, vitanda, hata bomba la kukinga maji ya mvua, vyote vilikwenda Uganda na waliovichukua.

Dokta alishuka kwenye lori la jeshi mwishoni mwa mwaka huo, na begi moja la kijani na sanduku la bati. Nimwite Dokta tu kama tulivyomwita, ingawa hakuwa daktari. Alikuwa RMA, yaani Rural Medical Aid, mganga msaidizi wa vijijini: darasa la saba, kisha miaka 3 ya chuo. Hao ndio walioshika zahanati za nchi hii baada ya Azimio la Arusha, serikali ilipoamua afya iende vijijini na madaktari wa digrii wakiwa wa kuhesabika. Kijijini nani atauliza cheti? Anayechoma sindano ni dokta.

Kwao ni Newala, kona ya pili kabisa ya nchi. Vita ilipoanza akachukuliwa, akapewa begi la bandeji, akaenda na wenzake kwa miguu: Kyaka, Mutukula, Masaka, Lukaya, mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979. Wenzake walirudi makwao wakapokelewa kwa ngoma na vigelegele. Yeye akapangiwa kwetu, kijiji ambacho mganga aliyemtangulia alikaa wiki mbili akapanda basi. Ya vitani hakuyasimulia. Ukimuuliza Lukaya ilikuwaje, anakujibu, "Maji tu." Basi.

Sasa niseme kwa nini swali lenu lilinisimamisha. Barua hii naiandika kwa vidole saba.

Novemba kwetu ni msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Mwaka 1981 nilikuwa na miaka tisa, tumeamka kabla ya mapambazuko, mimi na binamu zangu, tuko rweyani, kwenye uwanda wa nyasi, na chupa zetu. Lazima mjue kwamba watoto wa kwetu wakati ule tulikuwa na utajiri ambao watoto wa Dar hawakuwa nao. Maganda ya risasi tulikuwa tukiyapuliza kama filimbi, tukiyapangia madau, tukibadilishana na miwa. Kwa hiyo nilipokiona kile chuma chenye rangi ya shaba kwenye nyasi, kinene kama kidole gumba, sikuogopa hata kidogo. Nilikaa kitako, nikakishika kwa mkono wa kushoto, nikakigonga kwa jiwe nione ndani mna nini.

Mlio sikuusikia. Nilichoona ni chupa yangu imepasuka na senene wangu wote wanaruka. Nilisikitika, nakumbuka kabisa nilisikitikia senene. Halafu binamu yangu akaanza kupiga yowe, nikatazama alikokuwa akitazama. Kidole cha mwisho na cha pete havikuwepo. Cha kati kilikuwa kinaning'inia.

Baba alinifikisha kwa Dokta kwa baiskeli, nimefungwa kwa kanga ya mama. Zahanati wakati huo ilikuwa chumba cha shule, kwa hiyo nililazwa juu ya dawati mbili za darasa la pili zilizounganishwa. Dokta alikuja anafunga vifungo vya shati, ananuka rubisi, pombe ya ndizi, ya jana. Hilo nilisahau kwa miaka mingi, au niliamua kulisahau. Alinitazama mkono, akamwambia baba, "Mzee, tuma mtu hospitali, aombe gari." Mtu akatumwa. Gari halikuja siku ile, wala kesho yake, wala sijasikia kwamba limewahi kuja.

Akawasha jiko la mchina, mafuta ya taa yenyewe yalikuwa ya kugawiwa kwa chupa, akachemsha mkasi na koleo, kisha akachemsha maji ya chumvi kwenye sufuria nyingine. Akafungua sanduku lake. Sindano za ganzi zilikuwa mbili. Akachukua moja, ya pili akairudisha. Baba akamwuliza kwa nini asimpige mtoto zote mbili. Dokta akasema, "Dawa zinakuja tarehe ishirini, mzee. Kati ya leo na tarehe ishirini atakuja mwingine." Baba hakuwa mtu wa kubishiwa, alikuwa katibu wa kijiji, lakini alitoka nje.

Dokta akaanza kunihesabisha. Kila kipande cha chuma au nyasi alichokitoa alikiweka kwenye kizibo cha soda, na mimi nitaje namba. Nikikosea ananirudisha mwanzo, "Bwana mdogo, shuleni wanawafundisha nini?" Tulifika 14. Ilipofika zamu ya kile cha kati, alikibonyeza ncha, akangoja, akakibonyeza tena, akangoja. Halafu akasema, "Tazama ubaoni." Ubaoni kulikuwa na jedwali la mara saba. Nilisikia mkasi.

Lakini jambo lililozua maneno kijijini lilikuwa lile alilofanya baadaye, au tuseme asilofanya. Hakushona. Alijaza kidonda shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi, akafunga bandeji, akaninyanyua mkono na kuuning'iniza kwenye boriti kwa kipande cha kanga, akanichoma ya pepopunda na PPF, sindano ya penisilini, akaondoka. Jioni akina mama wakajaa kwetu. Kidonda kimeachwa wazi! Mlevi amemwacha mtoto wa watu wazi kama mbuzi buchani! Bibi yangu akaleta majani yake, akatolewa mlangoni na Dokta mwenyewe, kwa adabu lakini akatolewa. Shikamoo aliitoa kwanza, kisha akasimama mlangoni hakupitika.

Siku ya pili alifungua, akanusa, akaosha, akafunga. Siku ya tatu vivyo hivyo. Siku ya nne mama alikuwa haongei naye. Siku ya tano akafungua, akanusa, kwa mara ya kwanza akatabasamu, akaleta uzi. Akashona. Sikumbuki kama alitumia ile ganzi ya pili. Mama anasema hakuitumia, alikuja kuitumia kwa mwingine wiki iliyofuata.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima. Daktari bingwa mmoja aliupindua mkono wangu kwenye mwanga akauliza nani aliufanya. Nikamwambia. Akasema jeraha la mlipuko huingiza uchafu ndani kabisa ya nyama, ukilishona siku ile ile unaufungia humo, kinachofuata ni kuoza, kisha mkono mzima unakwenda. Linaachwa wazi siku nne, tano, ndipo lifungwe. Ni elimu ya madaktari wa vita, imeandikwa kwa damu za askari. Kuhusu kidole cha kati alitikisa kichwa: labda kingepona, labda kingeoza na kuondoka na mkono. Yeye pia angekikata, akaongeza, kama angekuwa peke yake na dawati mbili.

Najua nimekaa mno hapa. Mhariri ukitaka kata, ila siku ya tano usiiguse.

Wiki ile ile Dokta alipuliza filimbi shuleni, akatupanga mstari, akatuamuru tutoe kila tulichonacho mifukoni na majumbani. Yalijaa madebe mawili. Vitu vitatu alivitenga, akatutoa wote kiwanjani, wanajeshi wakaja kuvilipua.

Miaka iliyofuata naipita haraka, maana iko mingi. Mwaka 1983 kule hospitali ya Ndolage, mkoani kwetu, walitambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa ule ugonjwa ambao sisi tuliuita Juliana kabla haujawa Ukimwi. Dokta aliwaona wa kwetu wakikonda hata kabla haujapewa jina, na alichokuwa nacho ni klorokwini, aspirini na ile PPF. Sindano za kioo alikuwa akichemsha hizo hizo kwa kijiji kizima, na siku hizi usiku mwingine huwa nazifikiria sindano zile. Nadhani naye anazifikiria. Baadaye yakaja yale makasha ya dawa ya kila mwezi ya wafadhili wa Denmark, akapumua kidogo. Akazeeka nasi. Akastaafu 2003, tukamchangia nauli na mkungu wa ndizi ambao bila shaka uliivia njiani, akarudi Newala.

Kwa hiyo kila mjadala wa madaktari wa mpakani ulipozuka, mimi nilikuwa nauinua mkono wangu wa kushoto. Tazameni! Alitoka vitani, akabaki, miaka 24, hakulalamika. Ninyi vijana wa digrii mnataka nini?

Baba alifariki 2009. Baada ya matanga tulifungua sanduku lake: kadi ya chama, stakabadhi za kodi, picha ya Mwalimu, na bahasha nne kwa mwandiko wa Dokta. Zote kwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Baba ndiye aliyekuwa akipeleka barua za kijiji Bukoba kila mwezi. Ya kwanza, Machi 1980, ilikuwa imefunguliwa. YAH: OMBI LA UHAMISHO. Anaeleza kwa heshima zote kwamba mama yake ni mgonjwa na yeye ndiye mtoto wa pekee, na kwamba tangu arudi vitani halali usiku, na mpakani hapa kila lori likipita anatoka nje. Ya pili ni ya 1982, ya tatu 1984. Ya nne, 1987, ilikuwa na mstari mmoja: "Rejea barua zangu tatu zilizotangulia."

Mama hakuona aibu hata kidogo. "Ile ya kwanza ingefika, Novemba ya mwaka wa pili wewe ungepelekwa kwa nani?" Nilikosa la kumjibu, na mpaka leo ninapoandika sijalipata. Tena Dokta angekwenda wapi kama si kwa uhamisho? Kliniki binafsi za biashara zilikuwa zimepigwa marufuku tangu 1977, zikaruhusiwa tena 1991, na yeye alikuwa RMA. Alidhani serikali imemnyamazia. Nani wakati ule hakunyamaziwa? Kumbe aliyemnyamazia ni sisi, na kila jioni tulikuwa tukimpelekea ndizi.

Sasa nirudi kwenye leseni. Pale juu nimeandika ndiyo na sitaifuta, muione. Lakini hapana, asinyang'anywe. Anayetishiwa leseni atakuja, ataripoti, atasaini, akili yake itabaki kituo cha basi. Hata hivyo sikubaliani pia na wanaosema aachwe achague mwenyewe. Tukiwaachia wachague, kule kwetu hatafika mtu, na hilo nalisema huku nikijua wako vijana waliomaliza udaktari wanasubiri ajira mtaani, wangekwenda kesho wakiitwa. Apangiwe, aende, lakini barua ya kumpeleka iwe na tarehe ya kumrudisha. Miaka 3, labda 2 kwa aliye peke yake. Na asiwe peke yake. Kenya walipeleka madaktari wa Cuba Mandera, wawili wakatekwa Aprili 2019 wakiwa na polisi wa kuwalinda. Sasa huyo wetu asiye hata na baiskeli? Na gari liwepo, gari linalokuja likiitwa. Kama hayo hayapo basi sijui, labda mwacheni akatae.

Wala msinielewe kwamba namlaumu baba. Au namlaumu, lakini kwa mkono huu huu aliouokoa.

Namba ya Dokta ninayo. Ana zaidi ya miaka sabini, macho yanamsumbua, kila Mwaka Mpya ananitumia ujumbe mmoja kwa herufi kubwa: MKONO UNAENDELEAJE. Namjibu, "Shikamoo Dokta, unaendelea vizuri." Za zile bahasha sijamwambia.

Msomaji wenu,
Missenyi, Kagera