Anza na pale mtoto alipokwama

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje na darasa la nne ambalo nusu ya watoto hawasomi aya wala hawajui kutoa kwa kukopa. Mtaala usubiri kidogo. Mwite mmoja mmoja asome herufi, silabi, neno, aya; utaona alipokwama. Kisha wagaweni kwa uwezo, si kwa darasa, saa moja kila siku, kama shirika la elimu la Pratham lilivyofanya India. Wasiojua silabi wapewe mwalimu bora kuliko wote mlionao, tafadhali, si mgeni wa kazi. Kwenye hesabu, fungeni vijiti kumikumi kwa uzi. Anapofanya 32 − 17, mtoto afungue fungu moja mwenyewe. Hapo kukopa kunamwingia. Baada ya wiki chache pima tena, na aliyepanda ahamishwe kundi siku hiyohiyo.