Kidonda kimepona chenyewe, bado nipime?

Ndiyo ndugu, kapime. Kidonda kisichouma sehemu za siri, kikapotea bila dawa, cha kwanza kushuku ni kaswende. Kwa kawaida hutokea wiki 3 hivi baada ya kuambukizwa, ingawa kinaweza kuchelewa hadi siku 90, kisha hujifunga chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6. Hapo ndipo wengi hudanganyika, maana bakteria bado wamo mwilini. Baadaye huweza kuja vipele visivyowasha, hata viganjani na kwenye nyayo, navyo hutoweka. Miaka ikipita bila tiba, ugonjwa unaweza kushambulia moyo au ubongo.

Kipimo ni cha damu, na tiba yake ni sindano ya penisilini. Mweleze daktari kidonda kilianza lini, kwa sababu ukipima mapema mno majibu yanaweza kutoka hasi na ukatakiwa kurudia. VVU pia pima siku hiyohiyo. Mwenzako naye apime, la sivyo mtarudishiana. Na kama una vidonge ulivyobakiza kabatini, tafadhali usivimeze kwa kubahatisha.