Leiden, chuo kisicho na geti

Wiki hii mmeuliza: chuo kikuu gani kilicho katika mji wa kale ungemshauri mwenzako aende akakione kabla ya kuomba nafasi, na mtu anafikaje huko? Jibu langu ni Leiden, Uholanzi. Nilisoma pale shahada ya uzamili, na kila kijana wa nyumbani anayeniuliza habari za masomo ya nje namwambia kwamba chuo kile hakijulikani kwa kusoma tovuti. Mji wenyewe ndio chuo.

Sisi tumezoea Mlimani au Dodoma: unapita getini, mlinzi anakuangalia, na ndani yake kuna kila kitu, madarasa, mabweni na mgahawa. Leiden hakuna geti. Kitivo cha sheria kiko kando ya mfereji, kimepakana na nyumba za watu. Maktaba kuu iko kando ya mfereji mwingine. Jumatano na Jumamosi, ukitoka kipindi kimoja kwenda kingine, unaweza kujikuta unapita katikati ya soko la mtoni, wauza samaki na jibini wakikuitia bei.

Kuna sababu ya mji na chuo kushikamana hivyo. Mwaka 1574, Waholanzi wakiwa wameasi utawala wa Hispania, jeshi la Hispania liliuzingira mji, na watu wakafa kwa maelfu kwa njaa na tauni. Waholanzi wakabomoa kingo zilizozuia maji, mashamba yakafurika, na mashua za waasi zikapita juu ya mashamba hayo hadi zikaufikia mji tarehe 3 Oktoba, zimebeba mkate mweupe na samaki wa heringi. Tarehe 8 Februari 1575, hata nusu mwaka haujapita, William wa Orange, kiongozi wa waasi hao, akaupa mji chuo kikuu, cha kwanza katika nchi tunayoiita leo Uholanzi. Husimuliwa kwamba wenyeji waliambiwa wachague kati ya chuo na msamaha wa kodi, nao wakachagua chuo. Hayo ni masimulizi, lakini tarehe si masimulizi: mji uliokuwa umetoka kuzika watu wake ulifunguliwa chuo ndani ya miezi michache. Habari hiyo hunigusa kila ninapoisimulia. Na hadi leo, kila tarehe 3 Oktoba, wenyeji hupanga foleni kugawiwa heringi na mkate mweupe.

Ukifika, anzia mtaa wa Rapenburg, kwenye jengo la Akademi. Lilikuwa kanisa la watawa, chuo kikahamia humo mwaka 1581. Ndani yake kuna chumba kidogo kinachoitwa chumba cha jasho, ambamo watahiniwa walikaa kusubiri matokeo. Kuta zake zimejaa saini za waliofaulu, moja juu ya nyingine, mpaka kupata nafasi ya kuandika ni kazi. Hata sahihi yangu imebanwa pembeni, chini kabisa, na kuiweka pale kulinipa furaha kuliko cheti chenyewe. Watu wawili maarufu waliotunukiwa shahada za heshima na chuo hiki ni Winston Churchill, mwaka 1946, na Nelson Mandela, mwaka 1999.

Nyuma ya jengo hilo kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1590. Humo ndimo Clusius, mtaalamu wa mimea, alimopanda tulipu zake, miaka mingi kabla ua hilo halijawa biashara ya taifa zima. Ukiufuata mfereji unafika kwenye kile kitivo cha sheria. Tarehe 12 Januari 1807 mashua iliyobeba baruti ililipuka pale, ikaua watu zaidi ya 150 na kufuta mitaa mizima. Sehemu moja ya uwanja uliobaki ilijengwa maabara, na katika maabara hiyo mwanafizikia Kamerlingh Onnes aligeuza gesi ya heliamu kuwa kimiminika mwaka 1908. Leo wanafunzi wa sheria wanasomea humo.

Kwa sisi wasemaji wa Kiswahili kuna la ziada. Leiden wamefundisha Kiswahili na kufanya utafiti wa lugha za Kibantu kwa miaka mingi. Thilo Schadeberg, mtaalamu wa lugha hizo, alikuwa profesa hapo. Kituo chao cha Taaluma za Afrika kilianza mwaka 1947, na maktaba yake ina vitabu vya kwetu ambavyo hata huku kuvipata ni shida. Jambo hilo linaniuma, ila kwa mtafiti ni neema.

Kufika si kazi. Stesheni ya treni iko chini ya uwanja wa ndege wa Schiphol, ulio karibu na Amsterdam, na kutoka hapo hadi Leiden Centraal, stesheni kuu ya Leiden, haifiki hata nusu saa. Unagusisha kadi ya benki kwenye mashine unapoingia na unapotoka. Usipogusisha unapotoka utakatwa zaidi. Kutoka stesheni hadi Rapenburg ni mwendo wa robo saa kwa miguu, na nakusihi utembee. Njiani utaona mashairi yaliyoandikwa kwenye kuta za nyumba, zaidi ya mia moja mji mzima, kila moja kwa lugha yake ya asili na hati yake.

Ukishapata nafasi, chuo chenyewe ndicho kinachokuombea kibali cha kuishi. Wewe unapeleka nyaraka na malipo. Kwa uzamili, ulizia mapema ufadhili wa chuo uitwao LExS. Chakula cha kwetu hakitakushinda kupata, kwani maduka ya vyakula vya Asia yanayoitwa toko huuza mihogo na ndizi mbichi. Linalosumbua kweli ni chumba. Vyumba ni vichache, na matapeli wanajua wageni wana haraka. Anza kutafuta siku ile ile barua ya kukubaliwa inapofika, pitia kwanza ofisi ya makazi ya chuo, na usitume hata senti moja kwa mtu anayekataa kukuonyesha chumba, walau kwa simu ya video.